Upasuaji wa Kope na Nuru ya Jicho: Badiliko si Upofu

Ijumaa moja baada ya swala, mzee mmoja wa msikiti wetu alinisubiri mlangoni mpaka watu wakapungua. Ni mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisoma Qur'ani kati ya Magharibi na Isha, ameegemea nguzo ileile. Miezi mitatu na ushei kabla ya siku hiyo alikuwa amepasuliwa kope za macho yote mawili katika hospitali moja mjini. Ngozi ya kope zake za juu ilikuwa imelegea kwa umri hata ikaifunika nusu ya mboni. Alikuwa akitembea ameinua kidevu kama anayetazama mwezi mwandamo, na wakati wa kusoma akiushikilia ukope kwa kidole.

"Katibu," aliniambia, "kope zimefunguka, alhamdulillahi. Lakini herufi zimeota vivuli. Baa naiona na nukta mbili, taa naiona na nukta nne. Jicho langu wameliharibu."

Lau jambo lingekuwa ni hilo tu, ningemwombea shifaa na kumshauri arudi kwa daktari. Lakini maneno yake yalikuwa yamekwisha kusafiri. Dada yake mkubwa, mjane anayeishi katika kijiji kimoja cha Dodoma, ana ugonjwa wa vikope kwa miaka mingi. Nywele za kope zake zimegeukia ndani na kulikwaruza jicho kila anapopepesa. Kila baada ya wiki chache mjukuu wake humng'oa nywele hizo kwa kibano. Wahudumu wa afya walipopita kijijini waliliandika jina lake ili apasuliwe, naye akakubali. Aliposikia kwamba ndugu yake amepasuliwa kope na sasa anaona nukta nne, akalifuta jina lake.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya mama huyo kuliko kwa ajili ya mzee. Kwa maana lililompata mzee na linalompata dada yake ni mambo mawili yaliyo mbali sana, na kuyachanganya kunaweza kumgharimu mtu macho yake.

Kioo cha mbele ya jicho

Mbele ya jicho, juu ya ile sehemu yenye rangi, kuna ngozi angavu isiyoonekana kwa urahisi kwa sababu ya usafi wake. Watu wa tiba huiita konea. Wanazuoni wetu wa zamani waliiita kwa Kiarabu qarniyya, kutokana na neno qarn, yaani pembe, kwa kuwa inafanana na pembe iliyochongwa nyembamba hata ikapitisha mwanga. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Misri katika karne ya 11, aliieleza tabaka hii katika kitabu chake mashuhuri cha elimu ya kuona, akafafanua jinsi mwanga unavyopita katika tabaka za jicho.

Unene wa konea katikati ni takriban nusu milimita tu. Haina mishipa ya damu, kwani damu ingeuzuia mwanga. Pamoja na wembamba huo, ndiyo inayofanya karibu theluthi mbili ya kazi yote ya kukusanya miale ya mwanga ili picha iangukie mahali pake nyuma ya jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho, ile inayopata ugonjwa wa mtoto wa jicho, hufanya sehemu iliyobaki. Kwa hiyo umbo la konea likibadilika kidogo tu, kiasi ambacho hakuna mtu wa nyumbani anayeweza kukiona kwa kumtazama mwenzake usoni, picha nayo hubadilika.

Umbo linalotakiwa ni la mviringo ulio sawa pande zote, kama kipande kilichokatwa kwenye mpira. Ikiwa umejipinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama ubavu wa yai, miale haikutani mahali pamoja. Hapo ndipo mstari mmoja unapokuwa na mwangwi wake, na nukta moja ikazaa nyingine pembeni. Hali hiyo huitwa astigmatizimu, na ni watu wengi sana wanaoishi nayo kwa kiasi kidogo bila kujua.

Ukope una uzito

Tumezoea kuufikiria ukope kama pazia, ambalo kazi yake ni kufunga na kufungua. Lakini ukope hulala juu ya konea mchana kutwa na kuibana kidogo. Ngozi ikilegea na ukope ukaning'inia, au msuli unaouinua ukidhoofika, mbano huo hubadilika, na konea hufuata kidogo umbo la kile kinachoilalia. Daktari anapoondoa ngozi iliyozidi au kuukaza msuli, uzito uliokuwapo kwa miaka unaondoka au unahamia mahali pengine, na konea inaanza kujipanga upya. Kwa watu wengi badiliko hili ni dogo, mara nyingi chini ya dayopta moja, kipimo kile kinachotumika kwenye miwani, na wapo wasiolihisi kabisa. Lakini kwa mtu anayesoma herufi zenye nukta na irabu ndogondogo kwa saa nzima kila jioni, hata dogo si dogo.

Kuna na jambo la machozi. Uso wa konea unafunikwa na utando wa machozi, na utando huo ndio unaoifanya ing'ae kama kioo kilichopigwa msasa. Kwenye kingo za kope kuna safu ya tezi ndogo zinazotoa mafuta, na mafuta hayo hukaa juu ya machozi yasikauke upesi. Kila tunapopepesa, takriban mara 15 kwa dakika, ukope huyatandaza upya. Katika wiki za kwanza baada ya upasuaji ukope huwa umevimba, pengine haufungi vizuri usiku, na upepesaji wenyewe ni mzito. Utando unakatika vipande, na uoni unakuja na kuondoka. Mtu anayesoma kwa makini hupepesa mara chache zaidi, hivyo ukungu humjia zaidi akiwa na msahafu kuliko akiwa barabarani. Mara nyingi, uoni ukisafika kwa kupepesa mara mbili tatu na kisha ukachafuka tena, tatizo liko kwenye machozi. Kivuli kikibaki palepale hata upepese vipi, pengine ni umbo la konea. Hiyo ni dalili ya kumweleza daktari, si ya kujitibia.

Tena, ukope uliolegea ulikuwa ukizuia sehemu ya mwanga usiingie. Ulipoinuliwa, mwanga mwingi zaidi umepata njia, na pamoja nao ile miale ya pembezoni ambayo konea haikusanyi vizuri kama ya katikati. Ndiyo sababu wapo wanaolalamika kwamba taa za magari usiku zimekuwa na miale kama nyota. Dirisha limefunguliwa zaidi, na macho yanahitaji muda wa kulizoea.

Haya yote yanapimika. Mwishoni mwa karne ya 19 tabibu wa Kireno, Antonio Plácido, alitengeneza kibao cha duara chenye miviringo myeupe na myeusi, akawa anatazama taswira ya miviringo hiyo juu ya konea ya mgonjwa. Miviringo ikionekana sawa, konea ni sawa. Ikionekana imebonyea, konea imebonyea. Mashine za leo zinazotoa ramani ya rangi ya jicho zimejengwa juu ya wazo hilohilo.

Usikimbilie miwani

Nilimwomba mzee anionyeshe miwani yake. Aliitoa jozi mbili. Moja ni ya zamani, aliyopimiwa wakati kope zimelegea. Ya pili aliinunua wiki ya tatu baada ya kupasuliwa, kwa fedha alizochangiwa na wanawe, kwa kuwa alifikiri kope mpya zinataka miwani mpya. Hakuna aliyemwambia asubiri, na yeye hakuuliza.

Hapa ndipo kosa lilipo, na si kwenye kisu. Jicho lilipimwa wakati uvimbe haujaisha na konea ingali inajipanga. Kipimo cha wiki ya tatu kilikuwa sahihi kwa jicho la wiki ya tatu. Madaktari wengi hushauri kusubiri angalau miezi mitatu, na wengine zaidi, mpaka vipimo viwili vilivyoachana vitoe jibu moja. Katika kipindi hicho mtu hutumia miwani yake ya zamani hata kama haimkidhi sawasawa, na matone ya machozi ikiwa ameandikiwa.

Wazee wenye mtoto wa jicho pamoja na kope zilizolegea wana sababu kubwa zaidi ya kuuliza mapema. Nguvu ya lenzi bandia inayowekwa ndani ya jicho hukokotolewa kutokana na mpindo wa konea. Mpindo ukipimwa leo, na kope zikapasuliwa baada ya lenzi kuwekwa, hesabu inaweza kupotoka. Miwani inabadilishwa dukani, lakini lenzi ya ndani haibadilishwi hivyo. Mwelezeni daktari mambo yote mawili tangu siku ya kwanza, naye aamue lipi litangulie.

Nisiache kusema kwamba zipo dalili zisizosubiri miezi mitatu wala siku tatu. Maumivu makali baada ya upasuaji, jicho kutokeza nje kwa uvimbe mgumu, au nuru kupungua ghafla, ni mambo ya kumrudisha mgonjwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mtoto mwenye ukope mzito

Wazazi wananiuliza mara kwa mara, pengine kwa kuwa watoto wa madrasa hutazamwa na wengi, juu ya mtoto aliyezaliwa na ukope mmoja ulioanguka. Nyumbani husemwa ataacha akikua. Wengine husema ni kijicho cha watu na hutafuta wa kumsomea tu. Kisomo ni kheri, lakini kisimzuie mtoto kupimwa. Ukope huo unaweza kuifunika mboni, na hata usipoifunika unaweza kuibana konea ikawa na umbo la yai tangu utotoni. Ubongo wa mtoto ungali unajifunza kuona. Ukiletewa picha mbovu kutoka jicho moja, hulizoea lile jingine na kuliacha hili, likawa jicho vivu. Nafasi nzuri ya kulirekebisha ni miaka ya mwanzo, kabla ya umri wa miaka saba au minane hivi. Baada ya hapo jicho linaweza kuwa zima kwa sura na lisione vizuri hata kwa miwani. Na wazazi wajue kwamba kuinuliwa ukope peke yake hakumalizi kazi. Mara nyingi mtoto atahitaji miwani, na pengine kuzibwa lile jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Mtoto atalia, na bibi yake atamwonea huruma. Pamoja na hayo afanyiwe.

Vikope ni habari nyingine

Sasa turudi kwa yule mama wa Dodoma. Vikope, au trakoma, huletwa na vijidudu vinavyoambukizwa kwa vidole, kwa nguo na taulo za kuchangia, na kwa nzi wanaotua kwenye nyuso zenye tongo. Mtoto huambukizwa tena na tena. Upande wa ndani wa ukope hupata makovu, na baada ya miaka mingi makovu hayo hujikunja na kuuvuta ukingo wa ukope ndani, nywele zikaelekea kwenye jicho. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofuka kwa ugonjwa huu hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto. Hapa Tanzania, wilaya ya Kongwa ni miongoni mwa sehemu ambazo ugonjwa huu umechunguzwa kwa miongo kadhaa.

Kila kupepesa kwa mama huyo ni mkwaruzo juu ya ile nusu milimita. Konea iliyokwaruzwa huota kovu jeupe, na kovu halipitishi mwanga. Hili halifanani na umbo lililobadilika kidogo, ambalo miwani inaweza kulirekebisha. Kioo chenyewe kinakuwa jiwe. Kung'oa kwa kibano humpa nafuu ya wiki chache, kisha nywele hurudi, na zile zilizokatikia njiani huota visiki vifupi vigumu vinavyochoma zaidi.

Upasuaji wake ni mfupi. Hufanywa kwa ganzi ya ukope tu, mara nyingi na muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo, naye huukata na kuugeuza ukingo wa ukope ili nywele zitazame nje. Haliondoi kovu lililokwisha kuota, na baadhi ya wagonjwa nywele huwarudia baadaye wakahitaji kupasuliwa tena. Hilo lisemwe wazi, kwani mtu aliyefichwa ukweli ndiye anayerudi kijijini kuwatisha wengine. Lakini huusimamisha mkwaruzo. Utafiti uliofanywa nchini Ethiopia ulionyesha kwamba kwa wastani waliopasuliwa waliona vizuri zaidi baadaye kuliko kabla, kwa sababu konea iliyoachwa kukwaruzwa inapata nafasi ya kupona juujuu na machozi yanatanda tena.

Fani hii si ngeni kwa Waislamu. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza katika kitabu chake cha tiba namna ya kutibu nywele za kope zinazoingia jichoni. Na katika zama zetu, Oman ndiyo nchi ya kwanza iliyothibitishwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii. Morocco ikafuata mwaka 2016. Nchi hizo ziliunganisha upasuaji, dawa, maji na usafi wa nyuso. Hapo nina neno kwa kina mama na walimu wa madrasa. Sisi watu wazima huosha nyuso zetu mara tano kwa siku kwa udhu. Wanaobaki na tongo ni wale wadogo ambao swala haijawawajibikia, na ndio hasa wanaobeba maambukizi.

Hukumu na ibada

Wapo wanaouliza kama kupasua kope si kubadili maumbile ya Allah. Wanazuoni wametenganisha kati ya kuondoa dhara na kutafuta urembo tu. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani, aweke pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kumletea uvundo. Ukope unaoziba mboni au nywele zinazoitoboa konea ni dhara bila shaka. Ama anayetaka kope zikatwe ili aonekane kijana wa miaka 25, huyo amuulize sheikh wake kabla ya kumuuliza daktari, na ajue kwamba macho makavu na kivuli cha herufi havimchagui aliyepasuliwa kwa dharura peke yake.

Kuhusu udhu, mzee alinieleza kwamba siku za mwanzo alikuwa akiosha uso mzima kwa hofu ya swala kubatilika, hata mshono ukalowa. Hakuna alichotakiwa kuhofu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mwenye jeraha lililofungwa huosha sehemu iliyo salama, hupangusa maji juu ya bendeji, na hutayamamu kwa ajili ya sehemu isiyofikiwa na maji. Na kwa aliyekatazwa na daktari kuinama, Imamu Nawawi ametaja mfano unaomgusa mgonjwa wa macho hasa: tabibu mwaminifu na mjuzi akimwambia kwamba akiswali kwa kulala atapona, na asipofanya hivyo anahofiwa kupofuka, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi inajuzu kwake kuacha kusimama. Wanja nao usubiri mpaka daktari aruhusu, na hata baadaye mtu aangalie anaponunua, kwani baadhi ya wanja wa madukani una madini ya risasi.

Mzee alipimwa upya mwezi wa nne. Kipimo kilikuwa kimehama kutoka kile cha wiki ya tatu, na miwani ya tatu ikarudisha baa kwenye nukta yake moja. Wiki iliyofuata alipanda basi mwenyewe kwenda kijijini, akakaa huko siku sita. Dada yake amepasuliwa macho yote mawili. Jicho la kushoto lina kovu katikati na aliambiwa kabla hajalala kitandani kwamba kovu hilo litabaki. La kulia anahesabia kuku uani. Kibano kipo bado, mjukuu anakitumia kung'olea miiba.